Castory Mtafuta Majina

Ukifika Chang'ombe ya Dodoma ukaulizia kwa Castory Matonya, watakuuliza kwanza: Castory wa mashine ya kusaga, au Castory wa majina? Huyu wa majina ndiye ninayemwandika hapa. Namfahamu kwa sababu ofisi ya parokia naifagia mimi tangu mwaka tisini na tatu, na meza yake ndiyo huwa ya mwisho kufutwa vumbi, maana hataki kitu chake kisogezwe hata kidogo.

Alizaliwa Kibakwe, kule milimani, akasoma mpaka darasa la nane, akaajiriwa karani wa masjala katika shirika moja la umma hapa mjini. Masjala ni chumba cha mafaili. Anayetaka faili haingii mwenyewe. Anasimama dirishani, anataja shauri lake, na karani ndiye anayejua faili liko rafu gani. Castory alikaa humo miaka ishirini na miwili. Wakubwa walikuja na kuhamishwa, yeye yupo palepale. Halafu ikaja ile miaka ya kuuza mashirika. Jumatatu moja wakaitwa uani, wakaambiwa shirika limepata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya ana watu wake.

Hakunung'unika. Alijaribu mitumba kwa miezi mitano. Kila asubuhi aliyapanga mashati kwa ukubwa wa kola, madogo huku, makubwa kule, na kila mteja aliyekuja aliingiza mikono miwili chini akalipindua lundo lote, maana utamu wa mitumba ni kuchambua. Castory akawa anagombana na wateja. Mkewe, Evodia, akamwambia, "Baba Edina, biashara siyo yako. Wewe unataka watu wanunue bila kugusa."

Basi Mungu naye ana njia zake. Mwaka tisini na tano Padre wetu alikuwa anatafuta mtu wa kutunza vitabu vya ubatizo, na Evodia, ambaye tunasali naye jumuiya moja, akamtaja mumewe kabla mwingine hajafungua mdomo.

Vitabu vyenyewe vilikuwa arobaini na kimoja. Kila aliyebatizwa ana mstari wake: jina, siku, wazazi, kigango, yaani kanisa dogo alikotoka, na msimamizi wake. Mistari imefuatana kwa siku za ubatizo. Ukiijua siku, unafungua, unaona. Lakini hapa kwetu nani anaijua siku? Mtu anakuja dirishani anakwambia alibatizwa mwaka ule mvua zilipokatika mapema, au mwaka baba yake alipouza yule ng'ombe mwenye baka. Katibu aliyekuwepo kabla ya Castory alianza kitabu cha kwanza, ukurasa wa kwanza, akashuka na kidole. Jina likiwa mwanzoni, bahati yako. Likiwa mwishoni, rudi wiki ijayo. Na lisipokuwemo kabisa ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilimpasa avisome vyote arobaini na kimoja ndipo awe na haki ya kusema halimo.

Castory aliomba makatoni dukani, akakata kadi ndogo za kiasi cha kiganja. Kila mtu kadi moja. Juu ya kadi hakuandika maisha ya mtu, aliandika jina tu, na chini yake namba tatu: kitabu, ukurasa, mstari. Kadi akazipanga kwa herufi katika droo, na kila droo akaibandika herufi zake kwa nje. Ilimchukua miaka miwili na ushee. Ilipokwisha, mtu akija akasema namtafuta Paskazia, Castory haanzi tena A. Anavuta droo ya P, anaifungua katikati, anakuta Petronila. Amepita. Nusu yote ya nyuma anaiacha. Anarudi, anakuta Paulina. Amepita kidogo. Anarudi tena, Paskazia huyu hapa. Anagusa mara nne, tano, basi, halafu ndiyo anainuka kwenda kwenye kitabu chenyewe na kufungua ukurasa uleule.

Mimi nilidhani kadi zile ndizo ubatizo wenyewe. Akanisahihisha taratibu, maana si mtu wa ukali. Alisema kadi haina habari ndani yake. Kadi ni kidole, kinakuonyesha habari iliko.

Ila kadi zina njaa. Pasaka moja hubatizwa watu mia mbili na zaidi kwa mkupuo, na kila mmoja alimletea Castory kazi mbili. Mstari wa kitabuni ni rahisi, unaongezwa tu mwishoni. Kadi lazima itafutiwe nafasi yake katikati ya wenzake. Droo ikijaa, anahamishia nusu kwenye droo mpya na kubandika herufi upya nje. Jumatatu ya Pasaka wenzake wako kwenye pilau, yeye amezungukwa na kadi, na Evodia amemletea chakula chini ya kawa huku akisema heri angeolewa na mchunga mbuzi, mbuzi angalau jioni wanalala.

Kwa hiyo Padre aliposhauri atengeneze na sanduku la vigango, na jingine la wasimamizi, Castory alikataa kwa adabu. Alisema kila sanduku ukishalizaa utalilisha maisha yako yote, na yeye anaona jina linatosha.

Mwaka elfu mbili na moja marafiki wa parokia wakatuletea kompyuta. Ilikuwa imeshatumika huko ilikotoka, lakini kwetu ilikuwa mpya. Akaja mwalimu wa kompyuta kutoka chuo kimoja cha mjini, anaitwa Tumsifu, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Machame, Mlutheri. Castory alimpokea kwa utani siku ileile ya kwanza, akasema sasa dunia imepinduka, orodha ya Wakatoliki wa kwenda mbinguni imeshikwa na Mlutheri. Tumsifu akamjibu, "Basi sema nami vizuri, baba. Ufunguo ninao mimi." Tangu hapo wakapatana.

Tumsifu alitengeneza ndani ya mashine madaftari mawili. Moja la waliobatizwa, jingine la wasimamizi. Alitueleza kwamba msimamizi mmoja anaweza kusimamia watoto kumi, sasa kwa nini aandikwe mara kumi na jina la mumewe na mtaa wake? Anaandikwa mara moja, anapewa namba, na kwenye mstari wa kila mtoto inawekwa namba ile tu. Masista wawili wakaketi wakaandika miezi kumi, mistari elfu arobaini na nne. Siku walipomaliza, Tumsifu aliandika jina la ukoo la Castory, na kabla hajaondoa kidole, akina Matonya wote wakajitokeza kwenye kioo.

Castory aliinuka kitini. Halafu akaenda kuzitoa kadi zake zote, droo kwa droo, akazipeleka chekechea ya parokia watoto wachoree. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alidhani mashine inawaona watu wote kwa pamoja, kama Mungu anavyotuona, na anayeona wote kwa pamoja hana haja ya kadi. Vitabu navyo vikapelekwa mbali kushonwa upya na kupigwa majalada, vilikuwa vimeanza kuguswa na mchwa. Vingerudi baada ya Pasaka.

Ndipo akaja Angelina.

Angelina Gideoni ni muuguzi, na alikuwa aolewe na Anthony, dereva wa ofisi moja ya serikali, Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Matangazo yalishasomwa kanisani mara tatu. Cheti chake cha ubatizo kililiwa na mchwa kwenye sanduku la bibi yake, na kwa kuwa alilelewa Kibakwe aliamini alibatizwa huko, akaandika barua huko. Jumatano majibu yakaja na basi: hayumo kwenye vitabu vyetu. Na katika basi lilelile alishuka bibi mwenyewe, Anyesi, mama aliyemlea tangu mama yake mzazi, Ruthu, alipofariki. Bibi Anyesi alikuwa mzee mno, macho karibu yameisha, kifua kinamsumbua, na safari ile aliipigania na wanawe. Alisema amekuja kumkabidhi mke mwenzake, hataki kusimuliwa.

Padre hakuwa mtu mgumu, lakini sheria ya ndoa ni sheria. Bila ushahidi wa ubatizo hafungishi. Iko njia ya kuapa mbele ya mashahidi, ila barua yake hupita ofisi kubwa, na isingerudi kabla ya Jumatano ya Majivu. Na Kwaresima ikishaingia, kwetu harusi hakuna mpaka Pasaka ipite. Padre akasema anamngoja Castory mpaka Ijumaa saa sita mchana. Kila mtu pale ofisini alimtazama bibi jinsi anavyokohoa, na hakuna aliyetamka neno Pasaka.

Alhamisi asubuhi wakaketi mbele ya mashine. Bibi aliletwa na Anthony, akamwita mume wangu, akamkemea kwamba anamshika mkono kama anashika usukani. Akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," tukamwitikia. Tumsifu akaandika Gideoni. Mara moja wakatokea kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja ambaye mama yake ni Ruthu.

Bibi ndiye aliyetufumbua macho. Alisema mtoto yule alizaliwa Nkuhungu, walipokuwa wakikaa huku kabla hawajarudi milimani. Alilia mwezi mzima, usiku na mchana, hanyonyi. Hapa kwetu mtoto akilia hivyo watu hujua kuna mzee wa ukoo anadai jina lake. Wakamwita jina hili, analia. Wakamwita lile, analia. Siku aliyonyamaza ndiyo siku waliyomkimbiza kubatizwa kabla hajabadili mawazo. Hilo Angelina ni la baadaye, la sista aliyemtibu surua, na Gideoni ni baba yake, aliandikishwa hivyo shuleni.

"Sasa katekista aliandika jina gani, bibi?" Castory akauliza.

"Nitajuaje, mwanangu? Nilikuwa nimembeba, sikuwa naandika. Majina tulimbadilisha kama nepi."

"Na msimamizi wake?"

"Ah, huyo namjua. Paskazia, mke wa Damas fundi seremala, wa hapa hapa Chang'ombe. Nani anamsahau msimamizi? Mungu amlaze mahali pema."

Kwa hiyo hatukuwa na jina la kwanza wala la ukoo. Mwaka wenyewe bibi aliukadiria tu. Akina mama Ruthu ni wengi mno, kwa hiyo kilichobaki ni msimamizi, ambaye naye ni marehemu. Tumsifu akaiandikia mashine: nipe watoto wote ambao msimamizi wao ni Paskazia. Mashine ikaanza kuunguruma. Ilikuwa saa tatu. Nikasali Salamu Maria kumi, haijajibu. Nikasali Rozari nzima. Saa tano bado inaunguruma, Angelina ameshalia akanyamaza, bibi amesinzia kwenye kiti. Saa saba kasoro umeme ukakatika, kioo kikawa cheusi, na yote iliyokuwa imeyafikia ikayasahau.

Umeme ulirudi saa tisa. Tumsifu akanyoosha mkono kuanza upya, Castory akamzuia. Nakumbuka alivuta kiti karibu kabisa, kama mtu anayetaka kusikia siri.

"Mwalimu, hebu nieleze kwanza. Hii ikiwa inaunguruma hivi, inafanya nini? Nieleze kama unamweleza karani mgeni."

Tumsifu akamweleza. Inamchukua mtoto wa kwanza, inaona namba ya msimamizi wake. Inakwenda kwenye daftari la wasimamizi, inasoma kutoka juu mpaka iikute namba hiyo, inaangalia kama ni Paskazia. Kama siye, inarudi, inamchukua mtoto wa pili.

"Inakwenda tena kwa wasimamizi kutoka juu?"

"Kutoka juu, baba."

"Kwa watoto elfu arobaini na nne?"

"Kwa wote."

"Sasa mbona lile jina la ukoo linakuja papo hapo?"

"Lile niliwekea faharasa. Ni orodha ya pembeni, imepangwa kwa herufi, kila jina na mahali mstari wake ulipo. Mashine inaruka katikati, inaacha nusu, inaruka tena, mpaka inafika."

Castory akaegemea nyuma. Nilidhani atakasirika, lakini alicheka kwa sauti ndogo mpaka mabega yakatikisika. "Mwanangu, hizo ni kadi. Mimi zangu wameshazichorea mbuzi."

Ikawa sasa ni zamu yake kueleza, na ya Tumsifu kusikiliza. Tumsifu alisema wasimamizi hakuwawekea faharasa kwa makusudi, kwa kuwa kila faharasa unayoongeza, masista wakiandika mtu mmoja mashine inalazimika kwenda kumpanga na huko pia, na mashine yenyewe ni mzee. Castory akamwambia hapo hakukosea hata kidogo, yeye mwenyewe alimkatalia Padre kwa sababu hiyohiyo. Kilichowaponza wote wawili ni kutosikiliza dirishani. Kwao Tumsifu, kule Machame, jina la ukoo linakaa. Hapa linahama, na la ubatizo nalo likipata sababu linahama. Msimamizi hahami, kwa sababu ndiye anayekuletea nguo ya Noeli, na ndiye anayekwenda kukusemea kwenu ukikosana na baba yako.

"Nipangie wasimamizi kwa majina," akasema, "nimpate Paskazia na namba yake kwanza. Halafu wapange watoto kwa namba ya msimamizi. Sasa tutakuwa tunatoka kwa Paskazia kwenda kwa watoto wake. Hatutamuuliza tena kila mtoto wa Dodoma kama anamjua Paskazia."

Tumsifu akaandika mistari michache. Mashine ikaunguruma tena, na moyo wangu ukashuka. Akasema tusiogope, safari hii inasoma yote mara moja tu ili ipange, kama Castory alivyokata kadi zake. Nikaenda kuchemsha chai. Ilipoiva, nayo ilikuwa imemaliza. Akauliza swali lilelile la asubuhi.

Sikuwahi hata kuweka kikombe mezani. Akina Paskazia themanini na tatu, na mmoja tu ni mke wa Damas wa Chang'ombe. Ukimgusa huyo, watoto wake saba wa ubatizo wanasimama mstari mmoja chini ya mwingine. Castory aliwasoma kwa sauti, polepole, maana bibi alikuwa ameamka. Wa nne ndiye aliyemsimamisha.

"Anastazia Mazengo. Kigango cha Nkuhungu, mwaka sabini na sita. Mama, Ruthu."

Bibi Anyesi akapiga goti lake kwa kiganja. Alisema Mazengo ni baba wa babu yake Angelina, mtu mwenye fujo tangu akiwa hai, na ndiye huyo aliyekuwa akidai jina lake mwezi mzima. Angelina alikuwa amesimama nyuma ya kiti, miaka ishirini na sita, anajisomea jina lake kwa mara ya kwanza. Alilitamka mara mbili. Kisha akamkumbatia Tumsifu kwanza, halafu Castory, ambaye hakuzoea, akawa anashikilia miwani yake.

Ijumaa saa nne Padre alitia sahihi.

Jumamosi kanisa lilijaa. Padre alimwita bibi harusi kwa majina yote, Angelina aliyebatizwa Anastazia, na mwanamke mmoja wa Nkuhungu akapiga kigelegele kabla ya wakati wake. Bibi Anyesi aliketishwa kiti cha mbele. Kwa kuwa macho hayamsaidii, baada ya kiapo Angelina alikwenda akapiga magoti mbele yake na shela lote, na bibi akampapasa uso, akapapasa na wa Anthony, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mume wake amenyoa vizuri.

Kwenye chakula aliomba akae karibu na Castory. Alikula ugali wa uwele na kuku, akalikataa pilau. Akamwambia amesikia kazi yake ni kutafuta watu, basi na yeye amtafute, ili siku akizikwa Padre asihangaike. Castory akatoa kalamu, akamuuliza jina lililoandikwa. Hakuwa na hakika nalo. Akamuuliza mwaka. Ni hapa hapa mjini, kabla ya vita. Akamuuliza msimamizi, na hapo bibi akafikiri muda mrefu, akatikisa kichwa. Alikuwa mmisionari mmoja Mzungu aliyesimamia kundi zima, akarudi kwao.

"Basi wewe, mama," Castory akasema, "hakuna faharasa itakayokupata. Vitabu vikirudi nitaanza cha kwanza, ukurasa wa kwanza, nishuke na kidole."

"Shuka taratibu, mwanangu," bibi akasema, akinyoosha mkono kutafuta kipande kingine cha kuku. "Mimi sasa sina haraka."